Mikono Iliyoshika

Mchelea mwana kulia, hulia mwenyewe. Methali hii nimeitamka mara nyingi kuliko niwezavyo kuhesabu: mstarini asubuhi, katika vikao vya wazazi, hata kwenye harusi za watu nilipoombwa kutoa nasaha. Nilikuwa mwalimu kwa miaka mingi, na kwa zaidi ya nusu ya miaka hiyo nilikuwa mwalimu mkuu wa shule ya msingi. Fimbo ilikuwa mkononi mwangu kama kalamu ilivyokuwa mfukoni. Leo nimevuka umri wa miaka 70, na nataka kuandika juu ya jambo ambalo katika utumishi wangu wote sikujiuliza hata siku moja. Jambo lenyewe si fimbo peke yake, bali ni mikono inayomshika mtoto ili fimbo impate.

Nililazimika kulifikiri kwa sababu ya msiba. Tarehe 27 Agosti 2018, katika Shule ya Msingi Kibeta, Manispaa ya Bukoba, mvulana wa darasa la tano mwenye umri wa miaka 13 alifariki dunia baada ya kupigwa na mwalimu. Alikuwa ametuhumiwa kuiba mkoba wa mwalimu mwingine. Machi 2019 Mahakama Kuu mjini Bukoba ilimtia hatiani mwalimu aliyempiga kwa kosa la kuua kwa kukusudia, ikamhukumu kunyongwa hadi kufa. Mwalimu mwenye mkoba aliachiwa huru. Hivyo katika mkoa wetu huu huu wa Kagera nyumba mbili ziliingia giza, moja ya mtoto na moja ya mwalimu.

Wiki chache baada ya kifo kile, sisi wa Lusahunga tuliitwa kwenye kikao cha wazazi. Mimi nilikuwa nimekwisha kustaafu, lakini wazee wastaafu hualikwa na kupewa viti vya mbele. Ajenda ilikuwa ujenzi wa vyoo. Vyoo havikuzungumzwa hata robo saa, maana kila mtu alikuwa na la kusema juu ya Kibeta.

Mzee mmoja alisimama akasema kwamba mwalimu yule alikosea kipimo tu, lakini fimbo yenyewe haina kosa. Sote tuliokuwa pale tulichapwa, na tazameni, tumekuwa watu. Akaongeza ile ya samaki mkunje angali mbichi, watu wakapiga makofi. Mama mmoja mjane, mwenye watoto watano, aliuliza swali ambalo halikupata jibu: "Mimi sina mume wa kumwambia mtoto ngoja baba yako arudi. Mkiniondolea fimbo, mnaniachia nini?" Mwalimu kijana wa kike alijibu kwa sauti ndogo. Alisema darasani kwake wamo watoto zaidi ya 100, kwa sababu tangu elimu bila malipo ilipoanza mwaka 2016 watoto wamejaa, jambo ambalo ni jema. Lakini mtoto anayemchapa leo kwa kupiga kelele humchapa tena kesho kwa kelele zile zile. "Dawa gani hii," akauliza, "ambayo mgonjwa anainywa kila siku na haponi?"

Nilipopewa nafasi nilisema maneno ya kizee ya kuridhisha pande zote mbili: kwamba fimbo iwe ya mwisho, kwamba mzazi na mwalimu washirikiane, kwamba mtoto wa mwenzio ni wako. Nikapigiwa makofi, nikakaa. Nilijua moyoni kwamba sikuwa nimesema kitu.

Siku chache baadaye nikapata mgeni. Anayeifahamu Lusahunga anajua kwamba sisi tunaishi kwa barabara. Malori yaendayo Rwanda kwa njia ya Rusumo, na yaendayo Burundi kwa njia ya Kabanga, hupita kwetu usiku na mchana, na madereva husimama kula, kulala na kukagua matairi. Jioni ile alikuja mtu wa makamo, mnene kidogo, kofia mkononi.

"Shikamoo mwalimu."

"Marahaba. Karibu. Nani mwenzangu?"

Akanitajia jina lake na la baba yake. Nikamkumbuka, darasa la saba la mwaka 1986. Nikamwita mama watoto alete chai. Tulizungumza habari za safari, bei ya dizeli, waliokufa na waliobaki. Kisha akanyamaza, akageuza kofia yake mara mbili tatu, akasema: "Mwalimu, nina swali. Nimesikia habari za Kibeta redioni nikiwa njiani, nikasema nikifika Lusahunga sitapita bila kukuona. Unakumbuka siku ya jembe?"

Niliikumbuka. Kwa kweli sikupata kuisahau, ila nilikuwa nimeiweka mahali ambapo mtu huweka vitu asivyotaka kuviona.

Miaka ile kila shule ilikuwa na shamba lake kwa mpango wa Elimu ya Kujitegemea. Bidhaa zilikuwa adimu, na jembe lilikuwa mali. Siku moja tulihesabu majembe jioni tukakuta limepungua moja. Aliyelitumia mwisho, kwa maneno ya kiranja, alikuwa mvulana mmoja mwembamba wa darasa la sita. Nilimwita mbele ya shule yote. Akasema hakulichukua. Nikamwambia alale chini, akakataa. Hakutukana wala hakukimbia, alisimama tu akatikisa kichwa.

Sasa msomaji wangu, kama hujawahi kuwa mwalimu mkuu, hutajua jinsi kimya cha watoto 400 kinavyokuwa kizito wakati mmoja wao anapokataa amri yako. Niliona kwamba nikishindwa pale nimekwisha. Nikawaita wavulana wanne wakubwa wa darasa la saba. Wakamchukua mzobemzobe, wawili mikono, wawili miguu, wakamlaza juu ya meza tuliyoitoa ofisini, nami nikachapa. Nilianza kuhesabu, nikaacha. Kitabu cha adhabu kilikuwapo kabatini, wala sikuandika lolote ndani yake siku ile.

"Mimi," mgeni wangu akasema, "nilishika mguu wa kushoto."

Akanieleza kwamba yule mvulana alikuwa jirani yao. Walikuwa wakienda pamoja kuchota maji na kuchunga. Kabla ya siku ile yeye mwenyewe alikuwa amechapwa mara nyingi, na viboko vyake hakumbuki hata kimoja. Lakini anaukumbuka mguu ule, jinsi ulivyokuwa ukitetemeka ndani ya viganja vyake kama kuku aliyekamatwa, na jinsi mwenye mguu alivyogeuza shingo akamtazama. Tangu siku ile hawakuchota tena maji pamoja, na hakuna aliyewakataza.

"Hilo si swali langu, mwalimu," akaendelea. "Swali ni hili. Mwezi uliopita nyumbani kwangu Kahama, mwanangu mdogo alichukua pesa kwenye mfuko wa suruali yangu. Nikataka kumchapa, akarukaruka. Nikamwita kaka yake, ana miaka 15, nikamwambia mshike. Akasema, 'Baba, mimi simshiki. Kama ni kuchapa, nichape mimi.' Nikaishiwa nguvu, nikatoka nje. Sasa nakuuliza wewe uliyenifunza: yule mtoto mkubwa kanivunjia heshima, au hapana?"

Katika maisha yangu nimeulizwa maswali mengi na wakaguzi, maofisa elimu na wazazi wenye hasira. Hakuna lililonikalia kooni kama hili. Chai ilipoa. Mwishowe nikamwambia, "Hapana, mwanangu. Mtoto wako yuko sawa. Aliyekosea ni mimi, siku ile ya jembe, nami nikakukosesha na wewe." Akainamisha kichwa. Baadaye kidogo akaaga, maana utingo wake alikuwa anamngoja na mizigo ilikuwa ya Kigali.

Nilipobaki peke yangu nilianza kuchambua, kama tulivyozoea kufanya zamani chuoni. Chuo cha ualimu kilitufundisha saikolojia ya mtoto, na mkufunzi wetu alitwambia kwamba adhabu ni mlango wa mwisho wa nyumba yenye milango mingi. Lakini nilipofika kituo changu cha kwanza, mwalimu mzee alinikabidhi henzerani akisema, "Hiki ndicho cheti chako cha pili." Cheti cha kwanza nilikiweka sandukuni, hicho cha pili ndicho nilichokitumia.

Na cheti hicho hakikuanza kwetu walimu. Lile neno kiboko ni jina la mnyama wa majini ambaye ngozi yake ilikatwa ukanda, ukakaushwa, ukawa mjeledi. Mjini Biharamulo lipo boma walilojenga Wajerumani mwanzoni mwa karne ya 20, na babu zetu walihadithia habari za hamsa ishirini, yaani viboko 25 ambavyo ndivyo vilikuwa kipimo cha utawala ule. Mtu aliyepigwa alishikwa, na walioshika walikuwa Waafrika wenzake. Hata baada ya Uhuru, sheria ya mwaka 1963 iliweka viboko 24 kwa makosa kama wizi na rushwa, 12 mtu akiingia gerezani na 12 akitoka. Kwa hiyo tunaposema kwamba fimbo ni mila yetu, tuseme pia kwamba sehemu kubwa ya namna tunavyoitumia, yaani kupanga watu mstari, kumlaza mmoja mbele yao, kuhesabu kwa sauti, ni mila ya boma.

Sheria zetu za leo zenyewe zinaonyesha nchi isiyojiamulia. Kanuni za mwaka 2002, zilizotungwa chini ya Sheria ya Elimu ya 1978, zinaruhusu viboko visivyozidi vinne, kwa fimbo nyepesi, mkononi au makalioni juu ya nguo, kwa makosa makubwa tu. Mwenye mamlaka ni mwalimu mkuu au mwalimu aliyemruhusu kwa maandishi, na kila adhabu iandikwe kitabuni. Sheria ya Mtoto ya 2009 kwa upande wake inakataza mateso na adhabu za kikatili, na inasema hakuna marudi yanayokubalika yakipita kiasi kwa umri na hali ya mtoto, au yakitolewa kwa mtoto mdogo mno kuelewa sababu yake. Majirani wamekata shauri. Kenya iliondoa fimbo shuleni mwaka 2001, Uganda ikaikataza kwa sheria mwaka 2016. Sisi mwaka 2019 mkuu wa mkoa wa Mbeya aliwachapa hadharani wanafunzi wa sekondari huko Chunya, na Rais Magufuli, ambaye naye alipata kuwa mwalimu, akamsifu. Nasema haya bila kumhukumu mtu, kwa kuwa ningeulizwa kabla ya kumpokea yule dereva, pengine nami ningesifu.

Utafiti uliofanywa nchini mwaka 2009 na kutangazwa 2011 ulionyesha kwamba karibu vijana watatu katika kila wanne walikuwa wamepata kupigwa au kufanyiwa ukatili mwingine wa mwili kabla ya kufikisha miaka 18. Kama fimbo ingekuwa inatengeneza watu, basi nchi hii isingekuwa na mwizi wala mla rushwa. Yule mzee wa kikaoni alisema tumechapwa tukawa watu. Ni kweli. Lakini tulipewa pia uji, tukafundishwa kusoma, tukakaa na bibi zetu jioni. Kwa nini sifa zote tumpe mjeledi?

Hata methali tumezisoma nusu. Samaki mbichi hukunjwa kwa vidole taratibu; ukimpiga anasagika, hakunjiki. Na mchelea mwana kulia ni yule anayeogopa kumwambia mtoto hapana. Mtoto aweza kulia kwa kunyimwa mchezo, kwa kuamriwa kurudisha alichochukua na kuomba radhi mwenyewe, kwa kulima kitalu alichokiharibu. Methali haikutaja fimbo. Fimbo tumeiongeza sisi.

Lakini nisije nikaonekana nasema kwamba mtoto asishikwe kamwe. Ninayeishi kando ya barabara hii siwezi kusema hivyo. Kwa macho yangu nimeona mtoto wa miaka minne akiufuata mpira wa makaratasi kuelekea lami, lori likishuka, na binti mmoja muuza ndizi akamdaka mkono akamvuta kwa nguvu hata mtoto akaanguka na kuchubuka goti. Mtoto alilia sana. Hakuna aliyemlaumu binti yule, na mtoto mwenyewe baada ya dakika mbili alikuwa amemkumbatia shingoni.

Tena nilipata kumkuta mama mmoja amemfunga mwanawe wa miaka tisa kwa kamba kwenye nguzo ya jiko. Nilipandwa na hasira, nikataka kumpeleka kwa mwenyekiti wa kijiji. Akanieleza akilia kwamba mtoto ana kifafa, amekwisha kuangukia moto mara moja, na mara mbili ameokotwa barabarani. Na yeye asipokwenda shamba hawali. Nikaona kwamba kamba ile ilikuwa mbaya, lakini aliyeifunga hakuwa mbaya. Dawa ilikuwa kumfungua mama kwanza. Tulipanga na majirani watatu wampokezane mtoto siku za shamba, na mama akaelekezwa hospitali, mtoto akaanza vidonge vya kifafa. Kamba ikafunguliwa. Ningemchapa mama yule kwa maneno na kuondoka, kamba ingerudi kesho yake.

Kutokana na mambo hayo matatu, binti wa ndizi, mama wa kamba na meza yangu ya ofisini, nimepata kipimo ambacho natamani ningekuwa nacho nikiwa na miaka 36. Mkono unapomshika mtoto, tuulize unamlinda nani. Binti alimlinda mtoto dhidi ya lori. Mama alimlinda mtoto dhidi ya moto, ijapokuwa kwa njia ya kukata tamaa, nasi tulikuwa na wajibu wa kumpa njia nyingine. Wale wavulana wanne hawakumlinda mtoto. Walinilinda mimi, mtu mzima mwenye cheo, nisionekane nimeshindwa. Na kwa kazi hiyo niliwatumia watoto.

Kwa yule mama mjane wa kikaoni nina jibu sasa, ingawa limechelewa na si kamili. Ukiondolewa fimbo unabakiwa na sisi. Mtoto wako akikushinda, mlete. Tuko wazee tunaokaa kivulini mchana kutwa bila kazi ya maana. Na kwa mwalimu mwenye watoto 100 darasani namwambia mwajiri wake, si yeye: mwalimu mmoja mbele ya watoto 100 tumemweka mahali pa askari, kisha tunashangaa akishika silaha.

Lilibaki jambo moja la kufanya. Yule mvulana wa jembe alimaliza darasa la saba, lakini kwa mwaka wote uliobaki hakunyosha tena mkono darasani. Nilikuwa nikisikia habari zake: ana shamba la mahindi na muhogo upande wa Nyakanazi, ana mke na watoto. Miaka 32 sikuwahi kwenda kwake. Mwezi uliofuata baada ya dereva kupita, nilipanda pikipiki ya abiria nikaenda.

Nilimkuta anapukuchua mahindi. Alisimama upesi, akafuta mikono kwenye suruali, akanipa shikamoo, akaniletea kigoda. Nikamwambia nilichoendea, kwa maneno machache, maana niliyokuwa nimeyapanga njiani yalinipotea yote. Nikamwomba msamaha kwa siku ile. Alinisikiliza akitazama chini, akiendelea kupukuchua gunzi moja ambalo tayari lilikuwa tupu.

"Yamekwisha pita, mwalimu," akasema.

Tukanyamaza. Mkewe akaleta maji ya kunywa. Nilipokuwa nimekwisha kuaga, na dereva wa pikipiki amewasha, alinifuata hadi njiani, akashika usukani kidogo kama mtu anayetaka kusaidia.

"Mwalimu," akasema, "lile jembe sikulichukua mimi."

"Najua," nikamjibu.

Lakini ukweli ni kwamba sikuwa najua, wala hadi leo sijui jembe lile lilikwenda wapi. Nilichokijua siku ile, kwa kuutazama uso wake, ni kwamba kwa miaka 32 alikuwa akisubiri mtu amuulize.